Mfanyakazi Niliyemsifu Kabla ya Kumwona

Hii habari ninayowapa leo ni ya aibu, na naomba mkicheka mcheke mara moja mmalize, maana mkinikatiza katikati sitaweza kuendelea tena. Mnanijua mimi kama muuza samli na asali ya Kondoa, mtu wa maneno mengi na bei zisizopungua, na kila mkiniuliza kwa nini niliacha unyapara wa reli, kazi ya kuvaa viatu na kuamkiwa na watu wazima, huwa nasema miguu ilinichosha. Miguu haikunichosha. Niliondoka kwa sababu nilimsifu mfanyakazi ambaye sikuwahi kumwona, nikamsifu siku kumi mbele ya watu thelathini na tisa, na siku ya kumi na moja akatokea.

Wakati huo reli ya Mjerumani ilikuwa inakaribia Dodoma ikitokea pwani, na mimi nilikuwa mbeba vyuma tu, bega moja limeshakuwa gumu, bega la pili linangoja zamu yake. Bahati yangu (au mkosi, mtaamua wenyewe) ni kwamba nilikuwa najua kusoma, nilifundishwa na karani mmoja kule kwetu Kondoa ambaye nilimchotea maji miaka miwili. Basi asubuhi moja akanijia yule mzungu wa vipimo, tuliyemwita Bwana Kamba kwa sababu hakuonekana bila kamba yake ya kupimia, akaniuliza kwa Kiswahili chake kilichokatwakatwa, "Wewe unasoma?"

"Nasoma, bwana."

"Kule handakini kazi imelala. Nyapara wa kule amekimbia. Wewe utaamsha."

Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini nyapara wa kule amekimbia. Mimi niliuliza kama nitapewa viatu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Upande wa Ihumwa kulikuwa na kilima ambacho reli ilitakiwa ikipasue katikati, kwa hiyo watu walikuwa wanachimba handaki refu, kuta za udongo mwekundu kila upande, na Bwana Kamba alikuwa amepanga vigingi vya kuonyesha linapopita. Kigingi cha mwisho alikipaka rangi nyekundu. Akaniambia mbele ya manyapara wengine kwamba atakuja Jumamosi ya wiki ya pili, na handaki likiwa limefika kwenye kigingi chekundu mimi nitakuwa nyapara wa kudumu, na lisipofika nitalala chini nipigwe hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, mbele ya watu wangu mwenyewe, halafu nirudi kubeba vyuma. Nikasema ndiyo bwana. Jioni hiyo hiyo nikampa salamu msafiri mmoja ampelekee mama yangu Kondoa, kwamba mwanawe amekuwa nyapara na watu arobaini wanamtii (cheo chenyewe kilikuwa hakijamaliza hata siku moja, na hao watu arobaini sikuwa nimewaona).

Nilikwenda kwanza kuomba shauri kwa Kapela, Mnyamwezi aliyekuwa nyapara wa kikosi cha ng'ambo ya kilima, mtu mzima aliyezunguka na misafara tangu ujana wake. Nikamwamkia, nikamuuliza anawezaje kuwafanya watu wake wamalize ngwe zao kila siku kabla jua halijalala.

"Nina mwimbaji mmoja na kiboko kimoja," Kapela akasema. "Mwimbaji akichoka, natumia kiboko."

"Na kiboko kikichoka?"

"Hakijawahi."

Nikamshukuru, lakini moyoni nikasema huyu mzee ana mambo ya zamani. Watu wangu mimi walikuwa Wagogo, wenye ng'ombe zao karibu tu na hapo, ukimpiga mtu leo kesho hayupo, amerudi kwenye zizi lake, na utamfuata na nani. Nilikuwa nimejipangia njia yangu mwenyewe ya kisasa. Niliamini mtu hafanyi kazi kwa kuogopa fimbo, anafanya kazi kwa kuona mwenzake anasifiwa na yeye hasifiwi. Nilijiona nimegundua kitu ambacho Wajerumani wenyewe hawajakijua, na nililala vizuri sana siku hiyo.

Jumanne asubuhi nikasimama mdomoni mwa handaki na karatasi ya majina aliyoiacha nyapara aliyekimbia. Nasoma jina, mtu anaitika, nasoma, anaitika, mpaka nikafika jina la Ndahani. Kimya. Nikasoma tena, Ndahani. Watu wakawa wanatazama chini, na upepo ule wa Ugogo unaoanza asubuhi ukapita kati yetu na vumbi lake, halafu mtu mmoja mrefu nyuma kabisa, Chisena jina lake, akaitika kwa sauti ya chini, "Yupo."

Sasa, mimi niliwahesabu. Karatasi ilikuwa na majina arobaini na mbele yangu walikuwa watu thelathini na tisa. Nilichotakiwa kufanya ni kuuliza swali moja tu, yuko wapi, swali ambalo hata mtoto angeuliza. Lakini ilikuwa siku yangu ya kwanza, nimevaa viatu, na niliona nikianza na maswali watasema huyu nyapara mpya hajui kitu. Nikakunja uso kama mtu anayejua, nikapiga alama kwenye karatasi, nikaendelea na jina linalofuata. Uamuzi wangu ulikuwa huo tu, mdogo kiasi hicho.

Tulipoingia ndani nikaona upande wa kushoto pana kifusi kikubwa, udongo uliolala kutoka ukutani mpaka chini, na kando ya kifusi sururu moja imesimama imechomekwa ardhini, mpini juu, na karibu yake kibuyu kimefunikwa kwa jani. Nikafurahi. Nikasema ahaa, kumbe huyu Ndahani ameshafika kabla ya wenzake, ngwe yake iko huko nyuma ya kifusi, sasa hivi atakuwa ameingia porini kwa haja zake. Nikageuka, nikapanda juu ya jiwe, nikatoa hotuba yangu ya kwanza ya unyapara.

"Tazameni," nikasema, "mwenzenu Ndahani hakungoja kuitwa. Wakati ninyi mnapiga miayo, yeye yuko kazini. Nataka kila mmoja wenu awe kama Ndahani."

Nilitegemea watanuna, au watacheka, au mmoja ataguna. Hakuna aliyefanya lolote kati ya hayo. Walinitazama wote kwa pamoja, macho yale yale, muda mrefu kuliko inavyofaa mtu kutazamwa, halafu wakainama wakaanza kuchimba. Na walichimba jamani. Siku ile kila mtu alimaliza ngwe yake na wengine wakaongeza. Kitu kimoja tu kilinishangaza, hawakuimba. Mimi nimebeba vyuma, najua kazi nzito haiendi bila wimbo, lakini handaki zima lilikuwa na sauti za sururu peke yake, moja baada ya nyingine, na katikati ya mchana jua likiwa utosini zile sauti zilirudi kutoka kwenye kuta kana kwamba kuna watu wengine wanachimba ndani ya udongo. Nikasema ni mwangwi. Nikaenda kukaa mahali penye kivuli nikajipongeza.

Basi ikawa ndiyo desturi yangu. Kila asubuhi nasoma majina, nikifika kwa Ndahani, Chisena anaitika yupo, mimi napanda juu ya jiwe namsifu. Nilinogewa. Nilianza kuongeza chumvi, nikasema Ndahani halalamiki, Ndahani haombi ruhusa ya kwenda kutazama ng'ombe, Ndahani hajui kuchoka. Na kweli kazi ilikwenda mbele. Wakati wa chakula niliona wanakata tonge la kwanza la ugali wa uwele na kwenda kuliweka kando ya ile sururu, na aliyekuwa na pombe yake ya ujimbi alimimina kidogo pale kabla ya kunywa. Mimi nikaona hayo ni matunda ya hotuba zangu, kwamba sasa wanamheshimu mfanyakazi bora mpaka wanamwekea chakula (na msinitazame hivyo, najua, najua).

Mtaniuliza kama sikutaka kumwona. Nilitaka. Nilizunguka nyuma ya kile kifusi mara mbili nikakuta ukuta mtupu, na mara ya pili nilimuuliza mmoja wao kwa namna ya mtu asiyejali, "Leo Ndahani amechimba wapi?" akainua kidevu kuonyesha pale pale kwenye kifusi, akaendelea na kazi. Nikasema basi tumepishana. Mwisho wa wiki ya kwanza nilikuwa nimeshapishana naye siku tano, na handaki lenyewe halina njia mbili.

Jumatatu ya wiki ya pili ndipo nilipoongea na yule mwanamke. Tangu siku ya kwanza nilikuwa namwona, anakaa juu ukingoni mwa handaki, upande wa kifusi, kutoka asubuhi mpaka jioni, shuka nyeusi begani, mtoto mchanga mgongoni, chungu kidogo mbele yake. Hakuwa anaongea na watu na watu hawakuwa wanaongea naye, ila kila aliyepita aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimesikia ni mke wa Ndahani. Siku hiyo roho yangu ilikuwa nyeupe, nikapanda mpaka juu nikamsalimu kwa Kigogo changu cha kuokoteza, "Mbukwenyi, mama," akaitikia taratibu bila kunitazama. Nikamwambia, nikiwa nimetoa kifua, "Mama, mumeo ananipandisha cheo. Hakuna kama yeye katika watu wangu wote."

Akageuka. Nakumbuka uso wake mpaka leo, mwanamke bado kijana, midomo imekauka kwa upepo.

"Umemwona?" akauliza.

Hapo palikuwa na mlango wa pili wa kutokea, na mimi nikaufunga kwa mikono yangu. Ningesema sijamwona, mama, nami nashangaa. Lakini nyapara atamwambiaje mke wa mtu kwamba anamsifu mumewe kila siku na hajawahi kumwona?

"Nimemwona," nikasema. "Hata leo asubuhi."

"Anafanya nini?"

"Anachimba, mama. Hapumziki."

Mwanamke akashika mdomo wake kwa mkono. Mtoto akaanza kulia mgongoni na yeye hakumbembeleza, alikuwa ananitazama tu mimi, na jua lilikuwa linawaka lakini nilihisi baridi ikinipanda miguuni ndani ya vile viatu. Nikasema nina kazi, nikashuka. Nilipofika chini nikamwona ameshasimama, anamwita Chisena kwa Kigogo, na watu wote wameweka sururu chini wanamsikiliza.

Kuanzia siku iliyofuata hotuba yangu ya juu ya jiwe niliitoa kwa mazoea tu, haikuhitajika tena. Nilifika alfajiri nikawakuta wameshaanza, niliondoka jioni nikawaacha, na asubuhi handaki lilikuwa refu kuliko nilivyoliacha. Vikapu vya udongo vilipanda na kushuka bila kukatika. Mimi nilihesabu vikapu, na kwa hesabu ya vikapu nilikuwa mfalme. Ila sitawadanganya, kuanzia hapo niliogopa. Mchana, wakati ambao zamani walilala kivulini, sasa hawakulala, walikuja mmoja mmoja kwenye ule ukuta wa kushoto wakaweka sikio kwenye udongo, wakakaa hivyo, macho wamefumba, halafu wakarudi kuchimba. Alhamisi nilimkuta Chisena amelaza shavu lake lote pale, vumbi jekundu limemjaa kwenye nyusi.

"Unasikiliza nini?" nikamuuliza.

"Wewe mwenzetu umemwona," akasema bila kufungua macho. "Mimi nataka nimsikie tu."

Nilijua pale pale kwamba kuna jambo kubwa ambalo watu wote hawa wanalijua na mimi silijui, na kwamba mimi ndiye niliyelianzisha. Hata hapo ningeuliza. Lakini Jumamosi ilikuwa kesho kutwa, mgongo wangu nilikuwa naupenda, na kibaya zaidi, nilikuwa nimeshakwenda kwa Bwana Kamba Jumatano jioni kujisifu.

Ndiyo, nilikwenda. Nikamwambia bwana, handaki linakwenda mbio, na sijamgusa mtu kwa fimbo, nina njia yangu. Akataka kuijua. Nikamweleza habari ya kuchagua mfanyakazi mmoja bora na kumsifu mbele ya wenzake kila siku, mpaka wote wanataka kumfikia. Bwana Kamba akavuta kiko chake akafikiri, akasema, "Jumamosi nitaleta manyapara wote. Wewe utawafundisha. Na huyo mtu bora, nataka kumwona." Nikasema ndiyo bwana. Nafikiri katika maisha yangu hakuna maneno yaliyoniharibia kama hayo mawili.

Jumamosi saa tatu asubuhi wakaja. Bwana Kamba mbele na kamba yake, manyapara saba nyuma, Kapela akiwa wa mwisho na kiboko chake mkononi, na askari wawili walioletwa kwa ajili yangu kama mambo yakienda vibaya. Mimi nilikuwa nimeazima kanzu nyeupe kwa Mwarabu wa duka, kanzu ndefu kupita urefu wangu, nikaipandisha kidogo kwa mkono nisiikanyage. Watu wangu walikuwa ndani kabisa wanachimba na hawakugeuka kutuangalia. Yule mwanamke alikuwa juu ukingoni, na siku hiyo alikuwa amesimama.

Nikawaongoza manyapara huku naeleza. Nikasema zamani kazi ilikuwa ya fimbo, sasa kazi ni ya moyo. Nikasema ukimsifu mtu mmoja unawaamsha thelathini na tisa. Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, mpaka nikaona Bwana Kamba hanisikilizi, amesimama anaangalia mbele, halafu kulia, halafu mbele tena.

"Nyapara," akasema. "Kigingi changu kiko kule."

Nikatazama alikonyoosha kidole. Kigingi chekundu kilikuwa mbali upande wa kulia, kimekaa peke yake juu ya ardhi ambayo haijaguswa. Handaki langu mimi lilikuwa limekunja kushoto kama kiwiko, limeacha njia ya reli kabisa, limeingia ndani ya ule ukuta wa kifusi, na siku zote hizo mimi nahesabu vikapu na sikuwahi kuinua macho kutazama vigingi.

"Watu wako wanakwenda wapi?" Bwana Kamba akauliza.

Manyapara wakaanza kubana midomo wasicheke. Mimi nikaona askari mmoja anasogea, na akili yangu ikakimbilia kwenye kitu kimoja tu ilichokuwa imezoea. Nikasema, "Bwana, ngoja, yupo mtu wangu bora, yeye atakueleza." Nikageukia kule ndani, nikajaza kifua, nikaita kwa sauti yangu yote, "Ndahani!"

Sururu zikanyamaza. Sauti yangu ikaenda ikarudi.

"Yupo," Chisena akasema.

Wakasogea pembeni, nusu huku na nusu huku, na pale katikati walipokuwa wamechimba udongo ukamomonyoka wenyewe kidogo kidogo, ukaacha kitu wazi. Ulikuwa mguu wa mtu, umekauka, na kifundoni una pete za waya wa shaba.

Nilirudi nyuma. Ile kanzu ya Mwarabu ikaingia chini ya kisigino, nikaikanyaga, nikaanguka chali ndani ya kikapu cha udongo, miguu juu, kanzu imenifunika uso, na nikawa napiga kelele ndani ya kanzu kama mbuzi aliyetiwa gunia, mbele ya Bwana Kamba, mbele ya manyapara saba niliotakiwa kuwafundisha, mbele ya watu wangu wote. Nilingoja kicheko. Hakikuja, na hicho ndicho kilichonitisha kuliko mguu. Aliyenivuta kutoka kwenye kikapu alikuwa Kapela, akaniinamia akanong'ona, "Hukujua? Ukuta ulimwangukia kabla hujaja. Bwana alisema njia isogezwe hatua chache, kazi iendelee, ardhi imeshamzika. Nyapara wenu akakimbia kwa aibu. Ulikuwa unasoma jina lake kila siku na hukujua?"

Ndipo nikaelewa yote kwa mara moja, na nilitamani nirudi ndani ya kikapu. Kwao, mtu ambaye ndugu zake hawajamzika kwa mikono yao bado hajaondoka, na jina lake likiitwa mbele ya watu ndugu lazima aitikie kwa niaba yake, ndiyo maana Chisena, kaka yake, alikuwa anasema yupo. Walikuwa wamekatazwa kumchimbua. Halafu nikaja mimi, mtu wa karatasi na viatu, nikasimama juu ya jiwe nikasema yuko kazini, hachoki, halalamiki, kisha nikamwambia mjane wake nimemwona kwa macho yangu anachimba na hapumziki. Nani angesikia hivyo kuhusu ndugu yake akamwacha humo?

Bwana Kamba alitazama mguu ule muda mrefu, akakunja kamba yake, akasema leo hakuna kazi. Wakamtoa taratibu, wakamlaza juu ya ngozi ya ng'ombe, wakamzika siku ile ile juu ya kilima, mbali na vigingi. Mimi nilifuata nyuma na kanzu yangu nyekundu kwa vumbi, kwa sababu sikujua pa kwenda kwingine. Nilitaka kukaa pembeni lakini walinisogeza mbele. Watu wazima walinipa nafasi. Mmoja akanishika mkono akasema asante, wewe ndiye uliyemwita. Nikaitikia, Mungu anisamehe, nikaitikia.

Mazishi yalipokwisha yule mjane akasimama mbele yangu, akamtoa mtoto mgongoni akampakata, uso wa mtoto ukinielekea mimi.

"Huyu alizaliwa baba yake akiwa chini ya udongo," akasema. "Mimi ndugu zake wamenikataza kumtazama alivyotolewa. Wewe ulimwona akiwa mzima anachimba. Mwambie mtoto baba yake alikuwaje."

Kiwete angekimbia pale. Mimi nilisimama. Nikafikiri, uongo mmoja zaidi wa kumfariji mtu una ubaya gani, nikamtazama Chisena jinsi alivyo mrefu nikasema basi na mdogo wake atakuwa vile vile.

"Alikuwa mrefu," nikasema. "Mrefu kama kaka yake. Ameshika sururu kwa mkono wa kulia, anapiga kwa nguvu, na uso wake haukuwa na hasira."

Mjane alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamtazama Chisena, na Chisena akatazama chini.

"Ndahani alikuwa mfupi," mjane akasema taratibu. "Na alikuwa wa mashoto. Huyo siye."

Upepo ulikuwa unavuma pale juu, na chini yetu handaki lilikuwa wazi na tupu, na niliona watu wanaanza kuligeukia mmoja mmoja.

"Ulimwona nani basi?" akaniuliza.

Nikasema ukweli. Nilipiga magoti mbele ya watu wote nikasema sikuona mtu, mama, sikuwahi kumwona mtu yeyote, niliogopa kuuliza tu, niliogopa mtaniona sijui kazi. Nikaapa kwa Mwenyezi Mungu. Lakini nani angeniamini? Siku kumi niliwahubiria kwamba yupo mtu mle ndani anayechimba bila kuchoka, na walikuwa wameamini kila neno, na sasa Ndahani ametolewa, amezikwa, na aliye mle ndani si yeye. Wazee wakaanza kuondoka kwanza. Hawakuchukua sururu, hawakuchukua vikapu, walishuka upande wa pili wa kilima ili wasipite karibu na handaki, na vijana wakafuata. Mjane alimrudisha mtoto mgongoni. Aliponipita alisimama kidogo.

"Ungeuliza," akasema, "tungekuambia siku ile ile."

Jumatatu hakuna mtu aliyekuja handakini, wala Jumanne. Hata Wanyamwezi wa Kapela walikataa kuingia, na kiboko cha Kapela kikachoka kwa mara ya kwanza. Mimi nilipigwa hamsa ishirini yangu kama nilivyoahidiwa, pale pale mdomoni mwa handaki, ila ile ya kupigwa mbele ya watu wangu haikuwezekana, kwa sababu sikuwa na watu. Nilikuwa nimelala kifudifudi saa sita mchana, askari anahesabu, na kati ya hesabu moja na nyingine nilisikia sauti ndani ya handaki, moja baada ya nyingine, taratibu, kama sururu. Askari naye alisikia, maana alisimama kwenye kumi na tisa akasikiliza, kisha akazimaliza zilizobaki haraka haraka na tukaondoka wote wawili bila kusemezana. Ulikuwa mwangwi wa kiboko, nimeshajiambia hivyo mara nyingi.

Njia ikasogezwa tena, safari hii mbali. Mimi nikarudi Kondoa kwa miguu nikamwambia mama viatu vilinibana. Tangu hapo biashara yangu imekuwa na watu wangu wawili watatu wa kubeba mitungi, na akija mtu mpya siogopi kuonekana mjinga, namuuliza jina lake, namuuliza kwao, namuuliza nani amemleta na nani anamngoja nyumbani, mpaka wengine wananiona mdadisi na wanaondoka. Waondoke. Kumsifu mtu nimeapa sitamsifu kabla sijamshika mkono wake nikaona una joto.